Pete Niliyompimia Mke Wangu

Nikiikumbuka miaka ile, hunijia kama mchana mmoja mrefu ambao jua lake lilikataa kusogea. Kiwanda kilikuwa kimenyamaza. Sisi tuliozaliwa Likasi, mji wetu wa shaba, tulikua tukisikia king'ora cha asubuhi na mngurumo wa mashine, na hatukujua kwamba sauti hizo ndizo zilizozigawa siku zetu mpaka zilipokatika. Mabomba marefu ya moshi yalisimama bila moshi. Anga likawa safi mno, na ndege wakaanza kulia mahali ambapo sikuwahi kujua kuna ndege. Mimi nilikuwa fundi wa mabomba, ajusteur kama tulivyoitwa. Tuliambiwa tukae nyumbani tungoje kuitwa. Niliendelea kuamka saa ile ile, nikavaa ovaroli, nikakaa kizingitini na chai isiyo na sukari, nikingoja.

Katika mchana huo mrefu ndipo utumbo wa mke wangu ulipojisokota. Tumbo lilivimba kutwa nzima likawa gumu kama ngoma, na hewa haikupita juu wala chini. Daktari alimpasua akakuta utumbo mkubwa umejinyonga kama nguo inayokamuliwa, kipande kizima kimekufa. Alikikata. Hakuthubutu kuziunganisha ncha mbili zilizobaki katika tumbo lililochafuka vile, kwa hiyo ya chini akaifunga, na ya juu akaitoa nje, upande wa kushoto chini ya kitovu, akaishona kwenye ngozi. Tangu siku hiyo choo cha mke wangu kilitokea hapo, wakati kilipotaka chenyewe.

Aliyetufundisha kuishi na jambo hilo ni muuguzi mmoja wa pale hospitalini, mama mnene mwenye sauti ya chini ambaye hakuwahi kukunja pua. Alimpa mke wangu kioo kidogo cha mkononi.

"Mama, hii haiko kilonda," alimwambia. "Ni mudomo ya utumbo tu. Angalia ndani ya mudomo yako mu kioo, kisha angalia huku chini. Rangi ni moja? Basi iko muzima. Siku itakuwa bluu ao nyeusi, musikae. Mukuye hapa mbio."

Kisha akanigeukia mimi, maana aliniona ninavyoukodolea macho mfuko wa plastiki wa kupokelea choo na namna ulivyogandishwa kwenye ngozi.

"Na weye papa, ukikata tundu ya mufuko, uache nafasi. Mudomo huu unavimbaka, unapunguaka. Asubui haiko sawa na mangaribi."

Niliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Moyoni nilisema, huyu mama ni muuguzi mzuri lakini hajui vipimo.

Mke wangu aliupa ule mdomo jina la Chef, yaani bosi. Ulikuwa unanguruma mbele za watu bila kuomba ruhusa, na hakuna aliyeweza kuujibu. Tukiwa tumekaa na wageni ukianza maneno yake, yeye aliinua kidole na kusema, "Munyamaze, Chef anahutubia." Wageni hawakujua wacheke au watazame ukuta. Mimi nilicheka mpaka machozi. Ndivyo alivyokuwa mwanamke huyo: jambo likimuumiza, alitafuta kwanza namna ya kulifanya lisituumize sisi.

Mifuko ya kweli ilikuwa michache, na yule muuguzi alituwekea kila aliyoipata. Halafu yeye naye akaondoka. Wazee wake waliletwa kutoka mkoa wa mbali wa Kasai kufanya kazi migodini, yeye mwenyewe alizaliwa mtaa wa pili kutoka kwetu, lakini ilifika siku watu wa asili yake wakaambiwa hapa si kwao. Tulimkuta stesheni, ameketi juu ya masanduku katikati ya maelfu ya watu waliokuwa wakisubiri gari la moshi ambalo hakuna aliyejua litakuja lini. Alimwita mke wangu nyuma ya kitenge kilichotundikwa kwenye kamba, akamwangalia Chef, akasema rangi ni nzuri. Akatupa mifuko mitatu iliyokuwa ndani ya mkoba wake. Nilimshukuru kwa mifuko, basi. Sikumfukuza mimi, lakini siku walipoanza kufukuza sikufungua mdomo, na jambo hilo linanikera mpaka leo ninapoliandika.

Mifuko mitatu haikufika mbali. Tulianza kutumia nailoni za unga wa maziwa, tukizifunga kwa vitambaa, na kila mara zilivuja. Ngozi ya mke wangu ikachubuka. Aliacha kwenda misa, kwa sababu ya harufu. Aliketi nyuma ya nyumba, mahali upepo unapopita, akichambua mboga polepole, na mimi nikimtazama kutoka mlangoni niliona jambo ninalolielewa hatimaye. Nchi ilikuwa inaanguka na sikuwa na la kufanya. Lakini hapa palikuwa na bomba linalovuja.

Nilikwenda kwenye sanduku langu la vyombo. Nilikuwa na pied à coulisse, kile kipimo cha chuma chenye meno mawili kinachokupa unene wa kitu bila kukosea hata kidogo. Asubuhi moja, mke wangu akiwa bado amelala chali na Chef amenywea, nilipima upana wake. Nikapima mara tatu, kama tulivyofundishwa. Nikakata pete kwenye bamba la shaba, nikaipiga msasa mpaka ukingo ukawa laini kama kijiko, nikaiwekea chini yake mpira wa mkanda wa kusafirishia mawe, ule mweusi ambao hauchoki. Nailoni ilibanwa kati ya shaba na mpira, na mkanda wa turubai uliozunguka kiuno ukaishikilia pete mahali pake. Ilikaa barabara. Hakuna nafasi ya kupitisha hata unyoya. Katika kazi yetu, kiungo chenye nafasi ni kiungo cha mwanafunzi.

"Inabana?" nilimuuliza.

"Hapana," alisema, akatabasamu. "Iko muzuri sana, papa."

Haikuvuja siku hiyo, wala ya pili, wala wiki hiyo. Nilijiona kidume. Wenzangu wa kiwandani walikuja kuiona ile pete, nikawachorea mchoro wake mchangani kwa kijiti, wakaitikia kwa vichwa kama tuko tena karakanani. Mmoja akasema ningeiongezea boliti ndogo ya kukazia. Nikaiongezea. Nilianza kuimba asubuhi nikinyoa ndevu. Mke wangu alirudi kanisani akaketi benchi la mbele, amevaa kitenge chake cha bluu, na chini ya kitenge kile palikuwa na kazi ya mikono yangu. Sijawahi kuwa na furaha ya kijinga kama ile.

Siku hizo naziona kama ndani ya maji. Anatembea polepole uani. Anakula matonge mawili ya bukari, ugali wetu, anasema ameshiba. Anasimama na kushika mlango, anatulia, kisha anaendelea. Nilivitazama vyote hivi na sikuona hata kimoja. Kile kioo kidogo kilikuwa kimewekwa juu ya kabati tangu nilipoanza kufunga pete mimi mwenyewe.

Wakati ule kila familia ilikuwa na shamba nje ya mji. Letu lilikuwa upande wa barabara ya Shinkolobwe, ardhi nyekundu yenye mawe. Alitaka kwenda kupalilia mahindi. Nilimkataza kwa mdomo lakini nikambeba kwa baiskeli. Jua lilikuwa jeupe, mahindi yamefika kifuani, na kwa muda mrefu nilisikia majembe yetu mawili tu, lake na langu, yakijibizana. Halafu nikasikia langu peke yake.

Nilimkuta ameketi kati ya mistari ya mahindi, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyekaa kupumzika.

"Papa," alisema kwa upole, "angalia. Chef ametoka."

Alifunua kitenge. Utumbo ulikuwa umesukumwa nje kupitia ile pete, urefu wa kiganja na zaidi, umevimba, na kwa kuwa pete haikuwa na nafasi haukuweza kurudi. Shaba ilikuwa imezama shingoni mwa utumbo huo. Mbele ulikuwa na rangi ya biringanya. Niliikumbuka sauti ya yule mama, musikae, mukuye mbio, nikamnyanyua mikononi.

Sikumbuki njia. Nakumbuka mgongo wake mbele yangu juu ya baiskeli niliyoisukuma nikikimbia, kichwa chake kikiyumba, na vumbi likituzunguka kwa utulivu kana kwamba hakuna anayeharakisha. Nakumbuka nilikuwa naomba kwa sauti, nikimwambia Mungu achukue mikono yangu.

Daktari alikuwa yule yule aliyempasua mara ya kwanza, mtu mwembamba mwenye mvi aliyebaki hospitalini wakati wenzake wengi wameshakwenda. Aliinama, akatazama, akanyooka.

"Ni nani alitengeneza hii kintu?"

"Ni minye, docteur."

Akawaita wauguzi. Boliti ilikuwa imezama kwenye uvimbe; walijaribu kuikata pete kwa mkasi wa bandeji, mkasi ukateleza. Shaba ya Likasi haichezewi na mkasi wa bandeji.

"Bon," daktari akasema. "Weye uliitengeneza, weye utaitoa. Haraka, lakini doucement, taratibu. Ukigusa utumbo, utaupasua."

Nilikimbia hadi kwa fundi baiskeli aliyekuwa langoni, nikarudi na koleo lake la kukatia waya. Muuguzi aliliosha kwa spiriti. Kisha akapenyeza mpini wa kijiko chini ya pete, pole pole, ili kuukinga utumbo, na mimi nikaweka meno ya koleo juu ya kazi yangu mwenyewe. Nimekata shaba maisha yangu yote. Siku ile nililiweka koleo nikaliondoa mara mbili kabla ya kubana. Mke wangu aliishika ovaroli yangu begani. Nilibana mara moja, nikabana mara ya pili upande wa pili, na pete ikaanguka sakafuni vipande viwili. Ilitoa mlio mdogo, safi.

"Sasa sukari," daktari akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaeleza bila kuniangalia: utumbo umejaa maji kwa kubanwa, na sukari kavu ikimwagwa juu yake itayavuta maji nje, uvimbe utashuka, na hapo ataona kipi kiko hai na kipi kimekufa. Hospitali haikuwa na sukari. Mjini penyewe sukari ilikuwa kitu cha kuonja sikukuu. Nilirudi mtaani kwetu nikipiga hodi mlango kwa mlango, mwanamume mzima, ovaroli ina damu. Hakuna aliyeniuliza ya nini. Walikwangua mikebe. Mjane mmoja alinipa vijiko alivyokuwa amewawekea wajukuu wake. Nikarudi na sukari ya mtaa mzima ndani ya bakuli moja, nyeupe na ya kahawia zimechanganyika, ina sisimizi wawili.

Daktari aliimwaga yote. Tulingoja. Mwanga wa dirishani ulikuwa wa manjano, maji ya sukari yakidondoka kwenye beseni, na utumbo ukinywea mbele ya macho yetu polepole kama kitu kinacholala. Sehemu ya shingoni ilianza kurudi nyekundu. Sehemu ya mbele ilibaki nyeusi.

"Ile nyeusi imekufa," daktari alisema. "Nitaikata, nitavuta ile muzima, nitaishona upya pale pale ku ngozi. Kama kufa kumeishia huku nje, atapona. Kama kumeingia ndani ya tumbo, nitapasua tena, na sijue kama ataweza." Akanigusa mkono. "Sikudanganye."

Walimpa ile dawa ya usingizi inayomwacha mtu macho wazi huku yeye hayupo. Chumba cha upasuaji kilikuwa na taa, lakini umeme ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo walisogeza meza karibu na dirisha. Mimi niliketi nje chini ya dirisha hilo hilo. Nilisikia vyombo vikigusana. Nilimsikia mke wangu akiimba nusu ya wimbo wa kanisani, akauacha, akaimba kitu kisicho na maneno. Katika bustani ya hospitali majani yalikuwa yameota mpaka magotini, na kipepeo mmoja alikuwa anakwenda kutoka ua hadi ua bila wasiwasi wowote. Nilimchukia kipepeo yule kwa moyo wangu wote. Niliwaza kwamba mke wangu akifa nitakuwa nimemuua kwa shaba na msasa, kwa ustadi, na watu watanipa pole.

Daktari alitoka akiwa na jasho, akakaa kando yangu juu ya saruji.

"Iliishia nje," alisema.

Nililia. Sijui nililia muda gani. Alikaa tu pale.

Waliponiruhusu kuingia wodini alikuwa bado kwenye ule usingizi wa macho wazi. Chef mpya alikuwa amefunikwa kwa shashi yenye unyevu. Muuguzi alinifunulia nikaona duara dogo jekundu, lenye kung'aa, limezungukwa na nyuzi nyeusi. Niliketi kitandani. Mke wangu alinitazama bila kunijua, akanishika kidole, akaanza kuzungumza na mtu mwingine. Alimwita mama. Nadhani alidhani mimi ndiye yule muuguzi wetu aliyekwenda na gari la moshi.

"Mama, ulirudia? Muzuri. Nilikuwa juu sana. Niliona maji mingi." Akatabasamu. "Ile pete inanibana, mama. Tangu siku ya kwanza. Lakini usiambie papa."

Niliinama karibu zaidi.

"Tangu kazi ilikufa, sikumuonaka anafurahi," alisema. "Sasa anaimbaka asubui. Anaimba vibaya, lakini anaimba. Basi niliacha ikae. Usimuambie, mama."

Alikuwa ananingoja nijibu. Kidole changu kilikuwa kimefungwa ndani ya mkono wake kama cha mtoto. Nikaishusha sauti yangu mpaka ikawa ya mwanamke mnene asiyekunja pua.

"Sitamuambia," nilisema.

Alifumba macho, akalala usingizi wa kweli.

Alipoamka hakukumbuka kitu, ila maji mengi na kuwa juu sana. Mimi nami nikatimiza ahadi: sijamwambia. Tulirudi nyumbani baada ya wiki kadhaa. Mke wangu alijishonea mkanda laini wa kitambaa cha shuka kuukuu wa kushikilia nailoni, na ikivuja tulibadilisha, tukafua, tukaanika. Alitaka nimfunge mimi kama zamani. Nilikataa siku nyingi, kisha nikakubali. Nilimfunga kwa fundo la kulegea.

"Inabana?" nilimuuliza.

"Hapana, papa," alisema, akatabasamu.

Tabasamu ni lile lile. Hapo ndipo nilipoielewa adhabu yangu. Nilikuwa nimeoa mwanamke ambaye 'hapana' yake haina maana yoyote, na nilipaswa kuishi naye, kumfunga kila asubuhi, nisijue. Nilimuuliza kesho yake, na kesho kutwa. Hapana. Hapana, papa, iko muzuri. Nilifungua nikafunga, nikafungua tena, nikitafuta alama kwenye ngozi yake kwa kile kioo kidogo, nikimwambia tafadhali, kama inabana sema tu, sitakasirika, sitahuzunika, sema. Siku moja nilimpigia kelele. Alinitazama kwa mshangao, kisha kwa kitu kingine, kama mtu anayesoma barua polepole.

Asubuhi iliyofuata alisimama mbele yangu karibu na dirisha, ameinua blauzi. Nilimfunga. Mkanda ulikuwa umelegea sana, ulikuwa unaning'inia nyongani. Ungeweza kupitisha kikombe kati yake na ngozi. Nikauliza.

"Ndiyo," alisema. "Inabana kidogo, papa."

Nilijua haubani. Naye alijua najua. Alikuwa ananidanganya tena kwa ajili yangu, mwanamke yule, na uso wake ulikuwa mtulivu kabisa. Nikapiga magoti, nikalifungua fundo, nikaanza upya.